Hodi Isiyoitikiwa

Ujumbe ule ulimkuta Evarista ana unga mpaka viwikoni. Simu ililia juu ya ndoo iliyofunikwa, naye akafuta kidole kwenye kanga, akafungua. Akakuta jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, mbele ya watu ambao hajawahi kuwaona hata sura.

"KWA EVARISTA WA IYUNGA NA WENGINE WA NAMNA YAKE. Listi hii si kisimani. Sisi wazazi wa watoto wenye kifafa tumejaa humu kuanzia Mbeya mpaka Iringa, na kila unapoitikia salamu ya mtu mmoja, simu zetu wote zinalia. Jana umeandika 'salama, sijui wewe' mpaka nikachoka kufuta. Umetuma na picha ya mtoto amevaa gauni la kwaya, watu bando zimekwisha kwa kufungua gauni. Kama huna jambo jipya la kutufaa, nyamaza. Atakayeendelea nitamtoa. Mimi Anjela Kalinga, msimamizi, Iringa."

Evarista alisoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena jina lake, kama mtu anayetazama kidonda.

"Mama, andazi linaungua," alisema Bupe.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakata unga kwa kisu butu, mtoto wa miaka tisa mwenye kovu juu ya nyusi la kuangukia ngazi ya kanisa. Ni yeye aliyekuwa kwenye lile gauni la kwaya.

Evarista aliopoa andazi jeusi, akalitupia kuku. Jirani yake wa kibandani, Mama Aroni, aliyeuza chai kwa madereva wa malori, naye simu yake ilikuwa imelia. Mtoto wake Aroni alikuwa na maradhi hayo hayo, na wote wawili waliandikishwa kwenye listi siku moja, kliniki, na kijana mmoja aliyeitwa Clement. Clement alichukua simu zao, akabonyeza bonyeza, akawarudishia. "Tayari mama. Barua ikija, unafungua hapa. Ukitaka kujibu, unagusa hapa. Anayefuata." Hayo ndiyo mafunzo waliyopata.

"Ugonile, msalimiaji mkuu wa taifa," Mama Aroni alimsalimu Kinyakyusa, huku akicheka mpaka birika linatikisika.

"Nicheke na wewe au nilie?"

"Mimi nilikwambia, Mama Bupe. Kule hawasalimiani. Kule wanaulizana dawa."

"Sasa mtu akikwambia kamwene, unamnunia? Mimi nimelelewa. Huyo msimamizi mwenyewe juzi si ndiye aliyeanza na Bwana Yesu asifiwe? Nikaandika Amina. Amina nayo ni kosa?"

"Amina yako ilinikuta chooni. Nikadhani baba Aroni ametuma hela, nikatoka mbio." Mama Aroni alifuta machozi ya kicheko, halafu akapunguza sauti, maana alikuwa na huruma kuliko ulimi wake. "Usijibu kitu. Utatolewa, halafu utajuaje dawa imefika wapi?"

Hapo alikuwa amesema kweli. Dawa za watoto wao zilikuwa za kuwindwa. Wiki hii ziko Mbalizi, wiki ijayo hazipo mkoa mzima, mpaka mzazi wa Mafinga aandike kwamba zahanati ya kwao imepata. Zamani walikuwa na magrupu ya simu, lakini humo namba za watu zilikuwa wazi. Matapeli wakazichukua, wakawa wanawapigia akina mama kuwauzia mizizi ya kuponya kifafa kwa juma moja. Ndipo Mama Kalinga wa Iringa, mstaafu aliyekuwa mchapaji ofisini, akasema sasa basi, tutumie imeili, namba zibaki mifukoni. Watu wakamfuata. Wengi wao hawakuwa wameandika imeili maishani, na Evarista alikuwa mmoja wao.

Jioni mumewe Obeid aliporudi kutoka Mbalizi, mabega yamevimba kwa magunia ya viazi, habari ilikuwa imeshamfikia kupitia kwa mume wa Mama Aroni.

"Umetutangaza, Mama Bupe."

"Nimeitikia salamu."

"Jina la Iyunga limesomwa mpaka Iringa. Kijiweni wananiuliza, Obeid, eti mkeo amefukuzwa intaneti?"

"Sijafukuzwa."

"Basi jifukuze mwenyewe. Watu wa kukusema hivyo ni watu gani?"

Evarista alimwekea ugali, akamwekea na maji ya kunawa. "Ni watu wanaojua dawa ilipo, Baba Bupe," alisema. "Nikiwanunia, nitamnunia nani mwingine?"

Tangu siku ile akawa ananyamaza. Barua zilikuja, alizisoma, hakugusa pa kujibu. Watu wakisalimu, aliitikia kwa mdomo, peke yake, mbele ya karai: "Nzuri, baba." Alipoona mtu wa Usangu aitwaye Yunisi amesema mwanawe amelazwa, vidole vilimuwasha kuandika pole. Akaifunga simu, akaiweka chini ya kapu la unga ili asiione. Kumpita mwenye mgonjwa bila pole kulimuuma, alikuwa hajapata kufanya jambo hilo. Lakini alikuwa ameambiwa mara moja, na yeye si mtu wa kuambiwa mara mbili.

*

Dawa za Bupe zilipokwisha, alikwenda zahanati. Dirishani palikuwa na foleni ya kufika nje, na nesi alikuwa mmoja, macho mekundu kwa kukesha. Alimimina vidonge kwenye bahasha ndogo, akaandika juu yake jina la dawa na namba, akasukuma.

Evarista alichungulia ndani. "Nesi, mwanangu, mbona hivi vina rangi?"

"Ni dawa ile ile mama. Kampuni tu ndiyo tofauti."

"Vile vya zamani vilikuwa vyeupe, nilikuwa nampa kimoja asubuhi…"

"Mama, ni ile ile. Anayefuata!"

Mwanamke wa nyuma alishapitisha kadi yake juu ya bega la Evarista. Evarista alitaka kuuliza kama idadi nayo ni ile ile, lakini kuuliza mara ya tatu, mbele ya foleni inayoguna, kunahitaji uso mkavu, na uso wake siku hizo ulikuwa laini. Alishika bahasha akatoka. Akawa anampa Bupe kimoja asubuhi na kimoja jioni, kama siku zote.

Degedege halikuja. Kwa siku za mwanzo Evarista alishukuru Mungu. Lakini mtoto alianza kulala. Alilala ameshika kikombe. Alilala kwenye benchi kanisani, mdomo wazi. Akiamshwa alitembea akishika ukuta, na maneno yalimtoka yameburutwa, kama mtu anayeongea huku ana uji mdomoni.

Mwalimu wa darasa alimwita. Walionana barazani, wanafunzi wengine wanapita na mifagio.

"Mama, samahani kwa swali langu," mwalimu alisema. "Kule nyumbani hakuna anayepika komoni?"

"Pombe?"

"Mtoto anapepesuka. Jana amekaa kwenye dawati la mwenzake akidhani ni lake. Watoto wanamwita mlevi. Nauliza tu, kwa wema."

"Mimi mtu wa kanisa, mwalimu. Ni dawa."

"Dawa gani ya kumlewesha mtoto?"

Evarista aliaga. Alimshika Bupe mkono wakarudi nyumbani polepole, kando ya barabara kuu, malori yakiwapita na upepo wake wa baridi. Bupe aliuliza, "Mama, mimi nimelewa?" Evarista akasema hapana. Baadaye kidogo mtoto akauliza tena, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba ameuliza.

Obeid aliposikia habari ya komoni aliweka kijiko chini.

"Hizo dawa zinammaliza. Nazimwaga."

"Usimwage! Kuna baba wa Mafinga aliandika kwenye listi. Mwanawe aliachishwa ghafla, degedege likamshika halikuachia."

"Kwa hiyo nimwangalie anazima tu kama kibatari? Evarista, mimi nabeba magunia ya watu kutwa nzima, nikirudi mwanangu hanijui. Jana kaniita mjomba."

"Nitauliza."

"Utauliza wapi? Kwa hao waliokufukuza?"

"Hawajanifukuza, jamani!"

"Uliza basi. Mpaka Jumamosi. Jumamosi nikizikuta humu ndani, zinakwenda chooni, na mtoto anakwenda kwa mama yangu Tukuyu, akae na bibi yake, tuombe Mungu."

*

Sasa hapa ndipo palipotokea kosa, na lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu.

Kwao Evarista, mwenye shida haji akaimwaga mlangoni. Anapiga hodi. Anaitikiwa karibu. Anapewa pa kukaa, anaulizwa za huko, anasema nzuri hata kama nyumbani kuna maiti, na baada ya hapo mwenyeji anasema, haya, tuambie. Hapo ndipo anasema, "Nzuri, ila…" Shida yote iko kwenye hiyo "ila". Mtu anayeanza na "ila" kabla hajakaribishwa, watu wanamtazama, wanaona huyu hakufunzwa.

Na Evarista alikuwa ameshaitwa asiyefunzwa, kwa herufi kubwa. Hakutaka kuitwa tena. Kwa hiyo aliandika, akafuta, akaandika, akamwomba Mama Aroni amsomee kama imekaa vizuri, kisha akaituma:

"Hodi. Ni mimi Evarista wa Iyunga. Naomba radhi kwa usumbufu wa siku zile. Nina neno naomba kuuliza."

Basi. Akaweka simu juu ya ndoo, akangoja aambiwe karibu.

Simu zililia Mbeya, zikalia Mbalizi, Makambako, Mafinga, Iringa. Watu waliinua, wakaona hodi. Kila mmoja alikuwa ameambiwa asiitikie salamu, na kila mmoja alikuwa ameona yule wa Iyunga alivyofanywa. Wakaweka simu chini. Wengine walidhani atajibiwa na wakubwa. Wengine walisema moyoni, neno lenyewe liko wapi? Wakarudi kwenye shughuli zao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Evarista aliuza maandazi huku jicho moja liko kwenye ndoo.

"Wamejibu?" Obeid aliuliza jioni.

"Bado hawajanikaribisha."

Asubuhi ya pili aliuliza tena, akafunga mkanda kwa hasira. "Wamekukaribisha hao?"

"Bado."

Kibandani Evarista alimgeukia Mama Aroni. "Wewe hodi yangu si uliiona?"

"Si nilikusomea mwenyewe?"

"Sasa mbona hukuniitikia?"

Mama Aroni alipigwa na butwaa. "Nikuitikie kule, wakati nimekaa hapa karibu yako? Nitolewe kwa kusema karibu? Mimi Aroni wangu anakunywa ya maji, vidonge vyako sivijui hata. Subiri wakubwa wakukaribishe."

"Na wasiponikaribisha?"

"Watakukaribisha. Watu gani wanaacha mtu amesimama mlangoni?"

Wakaendelea kungoja, wote wawili.

*

Ijumaa Bupe hakwenda shule. Evarista aliogopa kumwacha nyumbani peke yake, akamchukua kibandani, akamkalisha mbali na jiko, mgongo kwenye mti wa umeme, amejifunika shuka la Kimasai kwa ajili ya baridi. Akamwambia asinyanyuke.

Lakini mtoto aliyezoea kusaidia hakai. Mama alipogeuka kumrudishia chenji dereva mmoja, Bupe alinyanyuka na sahani ya vipande vya unga, anampelekea mama yake. Alikuja akipepesuka, uso una tabasamu la usingizi. Goti likakunjika, akaangukia upande wa karai.

Dereva ndiye aliyeona. Alimdaka shuka, akamvuta nyuma kwa nguvu zake zote. Karai lilipinduka upande wa pili, mafuta yakamwagika ardhini yakichemka, na yaliyoruka yakampata Bupe mkono wa kushoto, toka kiwiko mpaka kwenye vidole. Hakulia mara moja. Alitazama mkono kama wa mtu mwingine. Halafu akalia.

Mama Aroni alikuja na ndoo ya maji baridi, akauzamisha mkono humo humo. Simu ilikuwa imeanguka kwenye vumbi. Evarista aliiokota. Mikono ilikuwa ya mafuta, kioo kinateleza, na hakukumbuka salamu wala msamaha. Aliandika:

"Mtoto wangu amepewa vidonge vya rangi badala ya vyeupe nesi kasema ni dawa ile ile nampa kimoja kimoja kama zamani sasa analala hajijui anapepesuka ameungua mafuta baba yake kesho anazimwaga nifanyeje"

Akabonyeza. Akakaa chini pale pale kwenye unga uliomwagika, akampakata mtoto, mkono uko ndani ya ndoo.

Mama Aroni alikuwa bado anampepea Bupe kwa mfuniko wa sufuria simu ilipolia. Ikalia tena.

"Soma," Evarista alisema. "Mimi sioni."

Mama Aroni alisoma kwa sauti, akimeza mate. "'Dada, mimi Yunisi, mke wa Shija, huku Usangu. Usiache dawa ghafla, nakusihi. Tafuta bahasha ya zamani na hii mpya, tazama namba iliyoandikwa baada ya jina la dawa. Mimi yangu mpya ilikuwa na nguvu mara mbili, mwanangu akalazwa. Pole dada yangu. Pole.' Huyu mwingine anasema ni tabibu wa Iringa, Joachim. 'Mama, mpeleke hospitali sasa hivi, beba bahasha zote mbili. Dozi ya leo jioni usimpe mpaka aonwe na daktari. Lakini dawa isimwagwe. Narudia, isimwagwe.'"

"Namba," Evarista alisema. "Ile namba nimeiona."

Bahasha ya zamani ilikuwa nyumbani, kwenye kopo la sindano. Namba aliiona kila siku, akadhani ni hesabu za zahanati.

Obeid alifika kwa pikipiki ya mwenzake, vumbi la viazi kwenye kope. Alimwona mtoto, akamwona mkewe, akaanza: "Si nilisema? Si nilisema mimi zimwagwe?"

"Baba Aroni Mdogo," Mama Aroni alimwita, kwa jina alilomwitia akitaka asikilizwe, maana Obeid ndiye aliyembeba Aroni siku ya ubatizo. "Utagomba baadaye. Nyanyua mtoto."

Obeid akamnyanyua.

*

Daktari alikuwa kijana, mchovu, na kalamu yake ilikuwa haiandiki vizuri. Aliweka bahasha mbili juu ya meza, moja kando ya nyingine, akazitazama, akashusha pumzi.

"Hivi vipya vilitakiwa nusu, mama. Nusu asubuhi, nusu jioni. Umekuwa ukimpa mara mbili. Nani alikwambia umpe kizima?"

"Hakuna aliyeniambia vingine, daktari."

"Unapobadilishiwa dawa, lazima uulize. Kwa nini hukuuliza?"

Obeid alimtazama mkewe. Evarista alikuwa ameshika viatu vya Bupe mapajani, unga umemkauka kwenye nywele.

"Nilipiga hodi," alisema.

Daktari alinyanyua macho. "Wapi?"

Evarista alivipangusa vumbi vile viatu. Angeanzia wapi?

Walimlaza mtoto. Mkono ulifungwa bandeji mpaka ukawa mnene kuliko mguu. Usingizi ule wa dawa ulianza kumtoka taratibu, na mchana mmoja akawa macho yamesimama sawasawa, akamtazama baba yake, akasema, "Baba, unanuka viazi." Obeid alitoka nje. Alikaa huko kitambo, akarudi na maziwa ya pakiti, na macho mekundu aliyosema ni ya vumbi. Habari ya Tukuyu hakuitaja tena, wala habari ya kumwaga.

*

Mama Kalinga aliomba namba kwa barua iliyokuja kwa Evarista peke yake, si kwa listi. Evarista aliitafakari siku nzima ndipo akaituma. Simu ilipigwa akiwa uani, anafua shuka lililonuka hospitali.

"Kamwene, mama."

"Kamwene."

"Za mtoto?"

"Nzuri, ila…" Evarista aliona hana nguvu ya kuimalizia. "Anaendelea."

Upande wa pili kulisikika mtu mzima anakohoa nyuma, na kiti kinaburuzwa. Yule alikuwa mwanawe Mama Kalinga, mwenye kifafa tangu utotoni, sasa ana ndevu.

"Hodi yako niliiona siku ile ile," Mama Kalinga alisema. Sauti yake haikuwa ile ya herufi kubwa. Ilikuwa ya bibi aliyechoka. "Nilikuwa nachambua maharage. Nikasema, huyu mwanamke hasikii, amerudi na hodi zake. Nikaendelea na maharage."

Evarista alikamua shuka. Maji yalimwagika miguuni.

"Mama, mimi nilikuwa nangoja karibu. Kwetu mtu hasemi shida kabla…"

"Hata kwetu Iringa, mwanangu. Hata kwetu."

Evarista aligeuza shuka, akalikamua upande wa pili.

"Sikuwa mkali bure," Mama Kalinga alisema. "Mwaka jana mzazi mmoja alifiwa. Watu wakaandika pole, pole, pole, wote kwa wote. Katikati ya zile pole palikuwa na tangazo la dawa. Likazama. Kuna mama hakuliona, akasafiri bure mpaka Njombe na mtoto mgongoni. Aliponiambia nikaapa, sasa nitawanyoosha. Nikawanyoosha mpaka mkawa mabubu."

"Sheria yako si mbaya, mama."

"Si mbaya?"

"Simu zinalia kweli. Mama Aroni amina yangu ilimkuta chooni." Evarista alishangaa kujisikia anataka kucheka, halafu hakucheka. "Ila hukutakiwa kunisema mbele za watu. Mtu akifunguka upindo wa gauni, unamvuta pembeni, unamwambia, dada, upindo. Husimami kanisani ukatangaza."

"Kweli."

"Mimi ningekuelewa. Ungeniambia, Evarista, ukijibu hapa inakwenda kwa wote. Ukitaka mmoja, gusa jina lake. Ningeelewa. Nimesoma mpaka la saba, si kwamba sijui kusoma."

"Kweli," Mama Kalinga alisema tena. "Nisamehe."

Evarista alianika shuka kwenye kamba, simu ameibana kwa bega. Ndani Bupe alikuwa anamsomea baba yake maandishi ya pakiti ya maziwa, herufi kwa herufi, sauti inateleza mahali pamoja tu.

"Wageni wanaingia kila mwezi," Mama Kalinga aliendelea. "Clement anawaandikisha, anawarudishia simu, basi. Nataka kila mgeni apokewe na mtu mmoja, pembeni. Nikafikiri wewe."

"Nimechoka, mama. Nina mgonjwa, nina karai limetoboka."

"Sote tumechoka. Mimi nina huyu wangu."

"Najua. Namsikia anakohoa."

Akasema atafikiri. Alipokata simu alijua ameshakubali, na hakufurahi. Aliona tu ni kama vyombo vichafu, lazima mtu avioshe.

*

Alirudi kibandani na karai la kuazima. Bupe alikaa kando ya Mama Aroni sasa, upande usio na moto, na Obeid alikuwa amefunga kamba kati ya mti na meza ili mtoto asipite. Mkono ulikuwa umepona vibaya. Ngozi ilikuwa imevutika, vidole viwili havikunyooka. Shuleni hawakumwita mlevi tena. Walimwita Kidole. Evarista alikwenda kusema kwa mwalimu, mwalimu akasema atawakanya.

Simu ililia. Akaifungua kwa mkono wa kushoto.

"Hodi wapendwa. Naitwa Ndalahwa, niko Chunya. Habari za huko."

Basi. Hakuandika kingine. Mama Aroni naye aliisoma, akaweka simu yake chini bila kugusa kitu, kama walivyokuwa wameweka chini watu wote muda ule, Makambako, Mafinga, Iringa, watu wenye adabu zao.

"Mgeni wako huyo," Mama Aroni alisema.

Evarista alinawa mikono mpaka viwikoni, akajifuta, akakaa. Aligusa jina la yule mtu peke yake. Akatazama juu, kwenye nafasi ya anayepelekewa, kuona kama ni mmoja. Akatazama tena. Ndipo akaandika:

"Karibu sana baba. Mimi Evarista, mama Bupe, wa Iyunga. Hapa ukipiga hodi watu hawaitikii, si kwa dharau, ndivyo tulivyopatana ili simu zisijae. Usisubiri kuulizwa za nyumbani. Anza na shida, salamu zitakuja nyuma. Mtoto ana nini?"

Akatuma. Akaiweka simu juu ya meza ya unga, kioo juu, mahali anapoiona.

"Amejibu?" Bupe aliuliza.

"Bado."

Mafuta yalikuwa yameshapata moto, yanalia pembeni mwa karai, na dereva mmoja alikuwa amesimama anangoja, ameshika hela mkononi. "Mama, vipi, leo hatupati?"

"Nisubiri kidogo, baba," Evarista alisema. Hakutia hata andazi moja mpaka simu ilipolia.